Aliyefungwa Nilikuwa Mimi

Shangazi wa mchumba wangu hakunitaka. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na siku tulipopeleka posa kwake, kijijini Tura, alinitazama kuanzia viatu hadi mvi, akasema mbele ya watu wote, "Mwanangu, huyu mzee atakuachia fimbo, mtoto hatakuachia."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, nimefiwa na mke. Mchumba wangu alikuwa na thelathini na mitatu na hajawahi kuzaa. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mama yule, kwa utani tu, amesema kweli.

Miaka kumi na mitano kabla ya hapo nilikuwa nimefunga uzazi. Mke wangu wa kwanza alipojifungua mtoto wetu wa tano alipoteza damu nyingi mno, tukaanza kuwaita ndugu. Alipopona, hospitali walitueleza kwamba mume naye anaweza kufungwa, na kwamba kwa mwanamume ni kazi ndogo. Tulikwenda pamoja, tukarudi pamoja kwa miguu, mimi nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kubana na yeye akinicheka njia nzima. Siku ile sijawahi kuijutia.

Mke wa pili sikumwambia. Pale Isikizya, nilikokuwa karani wa masjala, tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyejulikana kuwa amefungwa. Akipita, watu walisema, "Maksai huyo, mfungeni jembe alime." Na mimi nilisema, kwa sauti, ili asije mtu akanidhania. Tena lile neno lenyewe lilinidanganya. Walikuwa wamesema "kufunga", nami kichwani niliona mdomo wa gunia la karanga: umefungwa kwa kamba, siku ukitaka unafungua. Nikajiambia nioe kwanza, nitafunguliwa baadaye.

Tulikaa mtaa wa Kanyenye, yeye akishona nguo barazani. Kila mwezi alitia alama ya penseli kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani, na kila mwezi aliifuta kwa kidole alichokilowesha mate. Karatasi ilichakaa hapo hapo pa kufutia.

Mwaka wa tatu ndugu zake walianza kusema amefungwa. Huku kwetu mwanamke asiyeshika mimba husemwa hivyo, yaani kuna mtu amemfanyia uchawi tumboni. Tulikuwa watu wa kanisa, lakini tulikwenda kwa mganga. Nilimpeleka mwenyewe. Mganga alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Umefungwa. Na aliyekufunga mnakula sahani moja."

Nilidhani nimejulikana. Lakini mke wangu hakunigeukia mimi. Tulipofika barabarani alisema, "Ni shangazi. Huyakumbuki maneno yake siku ya posa?"

"Mambo ya waganga hayo," nikasema. "Usiyatie moyoni."

Ndivyo nilivyomtetea yule mama.

Miezi michache baadaye shangazi alikuja kwa treni na karanga zake kichwani, kama alivyozoea. Mke wangu hakumkaribisha ndani.

"Mwanangu, hata maji?"

"Maji yapo Tura."

"Nimekukosea nini?"

"Wewe si ndiye ujuaye?"

Nilikuwa sebuleni nimeshika gazeti. Nilisikia karanga zikitua barazani, kisha ndala zikiondoka taratibu. Mke wangu aliwamwagia kuku wa jirani karanga zile.

Tulikuwa na miaka minane ya ndoa ilipoletwa habari kwamba shangazi anaumwa, hainuki, anamwita mtoto wake. Mke wangu alikataa. "Ananiita anifunge mara ya pili?" alisema, akaendelea kukata kitambaa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake niliona njia ya pembeni: nikafunguliwe kimyakimya, mimba ishike, na mimba hiyo imsafishe shangazi bila mimi kusema lolote. Nilidanganya kwamba nafuatilia mafao ya kustaafu, nikaenda hospitali ya mkoa mwingine.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hawakufunga kwa kamba," alisema. "Mirija ilikatwa. Kuirudisha ni upasuaji mrefu, nyuzi nyembamba kuliko nywele, na wewe umekaa miaka ishirini na mitatu. Naweza kujaribu. Kukuahidi siwezi. Mama ana miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi naye apimwe. Mje wote wawili."

"Haiwezekani bila yeye kujua?"

Aliweka kalamu mezani. "Kwani huyo mtoto unataka kuzaa na nani, mzee?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kusema. Nikasubiri Jumapili. Jumapili ikaja na wageni, nikasubiri nyingine. Niliendelea kusubiri hivyo karibu miezi miwili, na shangazi akafariki. Mke wangu hakwenda kuzika.

Siku ya tatu ya msiba, asubuhi, nilimwambia. Nilimweleza yote, pamoja na daktari. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Wa kwanza alijua?"

"Alijua. Tulikwenda pamoja."

"Kwa hiyo yeye ulimwambia."

Nikasema upesi kwamba nafasi bado ipo, daktari ametaka twende wawili, niko tayari kupasuliwa hata kesho. Alinitazama kama mtu anayesubiri mlevi amalize.

"Upasuliwe nini? Kitu cha kufungua kilikuwa mdomo wako."

Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda treni ya Tura. Nasikia alipofika alipiga magoti kaburini na kuomba radhi kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Anaishi katika nyumba ya shangazi tangu hapo. Mimi sikurudi kwa daktari.

Mwaka huu nilikwenda kumwona. Nilimkuta uani anapepeta karanga. Alinitengea kiti, akaniletea maji, halafu akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwa wazee wageni, akasema, "Shikamoo." Tangu tuoane hakuwahi kuniamkia hivyo, mume na mke tulikuwa tukiulizana tu umeamkaje.

Sikuwa na jibu jingine. "Marahaba," nikasema.