Somo wa Muuaji

Mdogo wangu alikufa kwa kuharisha, mimi nikiwa nimelazwa kitanda cha pili kwa ugonjwa ule ule. Mimi nilipona. Niliporudi nyumbani Ipuli nilikuta vibuyu vyangu vya maziwa mgando, yale niliyokuwa nikimpelekea marehemu, vimepasuliwa uani.

Majina nayaacha, vyeo nitavitaja. Bwana afya wa kata ndiye aliyesimama msibani akasema kipimo kimekuta bakteria wa jina moja kwenye maziwa yangu na kwenye kinyesi cha marehemu. Jina refu la kizungu. Alilitamka mara moja, likatosha. Shemeji, mume wa marehemu, akaacha kuitika salamu zangu. Mimi wa darasa la nne ningebishana na nani? Kila nikikamua ng'ombe nilijiuliza: mdogo wangu nimemuua mimi?

Miezi ikapita, akaja binti wa maabara. Alisema wamesoma vinasaba vya bakteria wale vyote, wakavilaza ubavu kwa ubavu kuvilinganisha. Wa kwenye maziwa hana kipande kinachotengeneza sumu. Ni wa wale wanaokaa tumboni kwa amani na kusaidia chakula. Aliyetulaza sisi anayo sumu, na amefanana kabisa na waliyemkuta kisimani kwa mdogo wangu, maji niliyokunywa kila nilipomtembelea.

"Wa kwako ni somo yake tu, mama. Wanaitwa jina moja, basi."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

Kisima hicho mwenye nyumba waliyopanga alikichimba pembeni ya choo, na aliyekipitisha ni bwana afya huyo huyo. Nilimfuata ofisini nikamwomba arudi kusema pale pale aliposemea. Kumbe habari anayo. Akasema ni mambo ya kitaalamu, watu hawataelewa.

"Halafu mama, hayo si yameshapita?"

"Yamekupita wewe."

Nikaenda kwa shemeji mwenyewe. Alikuwa anamenya karanga, hakunikaribisha. Nilimweleza nikiwa nimesimama, vile vile nilivyoelezwa. Akaiweka karanga chini. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Kisima hiki hiki?"

Nikamwambia hiki hiki. Maziwa yalipobeba lawama, nani angekumbuka kukifunga? Wanawe walikuwa wakinywa humo mpaka siku ile.

Aliinuka, akaubeba mtungi wa maji ya kisima, akaumwaga wote uani. Kunitazama hakunitazama.