Ng'ombe wa Thirza Pobjoy

Thirza Pobjoy alizaliwa nyumba iliyo upande wa juu wa kanisa, akaolewa nyumba iliyo upande wa chini, na hakuwahi kuona sababu ya kuhama kijiji cha Ashmoor Abbas. Zizi lilikuwa katikati ya kijiji, malisho yalikuwa ng'ambo ya mto. Basi kila siku, asubuhi na alasiri, ng'ombe walipita mtaani polepole kuja kukamuliwa na kurudi, viwele vikiyumba, wakipita mlango wa kanisa, wakivuka daraja la mawe.

Mumewe Reg alipofariki, maua ya kaburini yalikuwa hayajanyauka dalali wa mifugo alipofika kumpa pole. Katikati ya pole akaanza kukagua viwele.

"Ukimaliza kuwashikashika ng'ombe wangu," Thirza alimwambia, "mlango ndio ule."

Kesho yake alfajiri alivaa gambuti za Reg, akajaza soksi kwenye ncha zisimtoke, akawatoa ng'ombe mwenyewe.

Wageni walianza kuja kidogo kidogo, kisha kwa mabasi. Walikuja kuona magofu ya abasia ya watawa wa kale, nyumba za mawe zenye paa za nyasi, na vijia vinavyokata mashamba hadi kilimani. Walipiga picha kila kitu, hata nguo za ndani za Thirza kwenye kamba. Enid Stickland, rafiki yake tangu walipokuwa wakikaa dawati moja shuleni, aligeuza sebule yake, karibu na daraja, kuwa mkahawa. Aliuza chai, skonzi, jamu na krimu nzito, na krimu yenyewe ilitoka kwa ng'ombe wa Thirza. Mumewe Enid alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na alipokufa ni mkahawa huo uliomshika asianguke.

Kisha likaja shindano la vijiji nadhifu. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji alikuwa Bwana Crispin Hale, mstaafu aliyehamia kutoka London, mtu mpole aliyependa kijiji kile kama mtu anavyopenda gari jipya. Alimkuta Thirza akiosha mashine ya kukamulia.

"Bi Pobjoy, waamuzi watapita Jumamosi alasiri. Tunaomba siku hiyo moja tu ng'ombe wasipite mtaani."

"Nao wakakamuliwe wapi, kanisani?"

"Labda wangesubiri kidogo, waamuzi waondoke."

"Wewe ukibanwa na haja, Bwana Hale, huwa unasubiri waamuzi waondoke?"

Bwana Hale akaenda zake, masikio yamemwiva kwa aibu. Jioni akaja Enid, na hapo mambo yakawa magumu.

"Thirza, mimi nimewahi kukuomba nini?"

"Hujawahi. Ndiyo maana inaniuma kwamba umeanzia hapa."

"Tukishinda, wageni wataongezeka. Wewe una ng'ombe, mwenzangu. Mimi nina meza na birika, basi."

"Leo ni Jumamosi moja. Kesho itakuwa kiangazi kizima. Mwishowe mtaniambia nikae mlangoni na kofia ya majani nipigwe picha."

"Hakuna anayetaka kupiga picha uso wako huo."

Walicheka wote wawili, lakini Enid aliondoka bila kuahidiwa kitu.

Jumamosi ilipofika mtaa ulikuwa unang'aa. Maua yalining'inia kila dirisha. Enid alikuwa ametoa meza zake nje, akazipanga hadi katikati ya barabara, vitambaa vyeupe, na juu yake sahani za bluu alizoachiwa na mama yake. Waamuzi, mwanamume na mwanamke wenye viatu vya kitambaa, walikuwa ndiyo kwanza wanakaribishwa chai na Bwana Hale.

Saa ya kukamua ikafika. Ng'ombe wakaja kutoka darajani, Pansy, ng'ombe kiongozi, akiwa mbele.

"Warudishe!" Enid alipiga kelele, ufagio mkononi.

"Sogeza meza!"

"Thirza, nakwambia warudishe!"

"Nami nakwambia sogeza meza!"

Thirza angeweza kuwazuia pale darajani. Alijua hivyo, na mkono wake wenye fimbo ulianza kuinuka. Halafu akaona vile viatu vya kitambaa na mdomo wa Bwana Hale uliobaki wazi, akaushusha mkono. Pansy akang'oa maua dirishani kwa ulimi. Aliyemfuata akapitisha ubavu kwenye meza, kitambaa kikavutika, sahani zikashuka zote, zikavunjika vipande vipande. Mwamuzi wa kike akarudi nyuma, akakanyaga pale ambapo asingependa kukanyaga.

Hawakushinda. Dukani watu walimpa Thirza mgongo alipoingia. Kasisi alimsalimu akiangalia mbali. Hayo yote hayakumkosesha usingizi. Kilichomkosesha ni zile sahani. Alizifunga za kwake, za harusi, kwenye gazeti, akabisha mlango wa Enid.

"Sitaki sahani zako," Enid alisema. "Nataka useme umekosea."

"Kuhusu sahani, nimekosea. Nisamehe. Kuhusu ng'ombe, sikukosea."

Enid akafunga mlango. Thirza akabaki barazani na furushi lake, kama mchuuzi.

Majani ya miti yalipoanza kupukutika, Bwana Hale aliitisha mkutano ukumbini. Alitaka kijiji kimwombe Thirza kwa sauti moja awe anazungusha ng'ombe kwa lori, kupitia barabara kuu. Thirza aliingia na gambuti zake, akasimama mbele bila kuitwa.

"Mlipokuja hapa, ng'ombe mliwakuta," alisema. "Pigeni kura mpaka mikono iwaume. Kesho asubuhi napita."

Minong'ono ikazuka. Ndipo Enid akasimama nyuma ya ukumbi.

"Mimi simsemeshi huyu mwanamke," alisema, "kwa hiyo naongea na nyinyi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sahani za mama yangu sitazisahau. Lakini miaka ile ninamuuguza mume wangu, nikikesha peke yangu, nilikuwa nikisikia kwato mtaani nikajua kuna mtu mwingine yuko macho. Hakuna mgeni aliyenifanyia hivyo. Mkiwaondoa ng'ombe, atakayefuata ni mimi, siku mtakapoona birika langu linaharibu picha. Mkono wangu siunyooshi."

Bwana Hale alihesabu mikono, akairudia. Haikutosha. Alikunja karatasi yake, akampa Thirza mkono, naye akaupokea. Kisha Thirza akamtafuta Enid kwa macho, lakini Enid alikuwa keshatoka.

Baridi ikapita hivyo. Krimu iliachwa mlangoni pa mkahawa kila asubuhi, vyombo vitupu vikarudishwa vimeoshwa, na hakuna aliyebisha mlango wa mwenzake. Nyonga ya Thirza ilianza kumsumbua. Daktari akamshauri apunguze kutembea, naye akamuuliza daktari kama ng'ombe wamefundishwa kujipeleka.

Siku moja mwanzoni mwa kiangazi basi la wageni liliingia darajani wakati ng'ombe wako katikati. Dereva akapiga honi ndefu. Ng'ombe wakashtuka, mmoja akageuka, akambana Thirza ukutani. Honi ikalia tena. Thirza, fimbo mkononi, akajikwamua, akasimama mbele ya basi, akapanua miguu.

"Piga mpaka betri iishe!" alimwambia dereva.

Mlango wa mkahawa ukafunguka kwa kishindo. Enid akatoka na aproni, mikono imejaa unga, akaenda moja kwa moja hadi dirishani pa dereva, akaligonga kwa kiganja.

"Zima injini wewe! Hapa tunasubiri ng'ombe."

Dereva akazima. Abiria walikuwa wamesimama vitini wakichungulia. Enid akageuka, alama ya unga wa kiganja chake imebaki kwenye kioo, akamtazama Thirza kuanzia gambuti hadi nywele.

"Na wewe tembea," alisema. "Usijifanye malkia."

"Nyonga inauma."

"Basi nishike."

Thirza akamshika bega. Wakapanda mtaa wakiwa nyuma ya ng'ombe, polepole, na basi likasubiri.