Sare Iliyotangulia Ada

Msichana aliingia kwenye kibanda cha ushonaji cha Mwanaharusi, pale Kiseke, akashika kitambaa cheupe na kukivuta huku na huku kama mtu anayejua anachotafuta.

"Shikamoo mama. Nataka sare ya uuguzi. Haraka."

"Marahaba. Umeshaingia chuo?"

"Nimechaguliwa, uuguzi na ukunga, ngazi ya cheti! Ada ndiyo bado."

"Ada bado, sare ya nini? Ya kuvalia kanisani?"

Rebeka, ndilo jina lake, akaeleza huku anahema. Baba yake, mzee Shigela, mfugaji wa Misungwi, alikuwa na kauli moja tu: ng'ombe anamwona kwa macho, uuguzi hauoni. Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine.

"Nikisimama mbele yake nimevaa, atauona."

Mwanaharusi alianza na cherehani ya kuazima, na tangu hapo hajapewa cha bure wala hajatoa. Akamtazama yule binti, akaona darasa zima nyuma yake.

"Nakushonea. Wewe utanishonea matundu ya vifungo mpaka Ijumaa. Na ukiingia chuo, wenzako wote washone kwangu."

"Wote siwezi kuahidi. Nusu."

"Ala! Na kupatana unajua?"

Matundu yake yalitoka safi hata Mwanaharusi akaingiwa na tamaa. "Baki hapa, nikufanye fundi. Unahangaika na nini?"

"Cherehani nitaikuta, mama. Nafasi sitaikuta."

Jumamosi wakaenda Misungwi wote wawili, maana Mwanaharusi hakuwa mtu wa kuacha kitambaa chake kisafiri peke yake. Rebeka akabadilisha nguo kwa jirani, akatokea uani mweupe pe. Wadogo zake wakalipuka, "Nesi! Nesi!" Kuku wakatimka. Mama yake akapiga vigelegele. Mzee Shigela akainuka, akamzunguka polepole kama anavyozunguka mtamba mnadani. Ilibaki kidogo amfungue mdomo ahesabu meno.

"Umependeza," akasema. "Lakini ng'ombe sina. Zizi si mnaliona?"

Zizi lilikuwa tupu kweli. Rebeka akaanza kufungua mkanda wa sare.

"Acha hapo hapo," Mwanaharusi akamwambia, kisha akamgeukia mzee. Alikuwa amefanya biashara na wafugaji miaka mingi, akijua kwamba mwenye mifugo haachi yote nyumbani. "Baba Rebeka, na wale uliowaweka kwa rafiki zako?"

Mzee akakohoa. "Wale wako kwa watu. Wanawachunga, wanakamua maziwa yao."

"Na ndama?"

"Ndama wangu! Kwani nimewauza?"

"Basi na huyu muweke hivyo hivyo. Chuo kimtunze. Wodini watamkamua kweli, atazalisha wake za watu mpaka miguu ivimbe. Lakini mali ni yako. Miaka miwili ana cheti, anafanya mtihani wa leseni, anaajirika. Akiongeza mmoja, ana diploma. Akitaka digrii, mlango uko wazi. Kila ngazi ni ndama huyo!"

"Mama, mimi si ng'ombe," Rebeka akanong'ona.

"Nyamaza, nakuuza."

Mzee Shigela akacheka mpaka akatafuta kigoda. "Wewe mama! Mnadani ungenimaliza."

"Nakumaliza hapa hapa. Madume mawili?"

"Moja! Lile la pembe iliyopinda."

"Pembe haina shida. Mradi limenona."

Dume likauzwa kesho yake, na Jumatatu Rebeka akaripoti.

Mzee alipoteza dume, akapata cheo: kabla binti hajagusa hata kipimajoto, mnadani alishajiita baba wa nesi na kuwashauri watu kuhusu mimba za wake zao. Mwanaharusi alipoteza mikono mizuri kuliko yote iliyowahi kumshonea matundu. Akangoja ile nusu ya darasa.

Rebeka akaja na darasa zima, wavulana kwa wasichana, kelele tupu, kibanda kikafurika.

"Nimewaleta wote, mama! Ila tumekubaliana bei ya jumla. Na sare yangu ya pili ni juu yako."

Bei aliyotaja ilimwachia Mwanaharusi faida nyembamba kama uzi. Akakataa. Rebeka akawageukia wenzake, wakaanza kutoka.

"Rudini! Rudini hapa!" Mwanaharusi akachukua tepu ya kupimia. "Nani kakufundisha haya, wewe?"

"Si nilikuwepo, mama, ulipokuwa unaniuza?"

"Simama wima nikupime. Na umenenepa, kitambaa kitaongezeka."

"Hicho nacho ni juu yako."

Akampima.