Ngazi ya Familia

Sinema Rayhani ilikuwa na milango miwili, na kazi ya Vuai Makame ilikuwa kuhakikisha watu hawaichanganyi. Mlango mkubwa ulitazama barabara. Huo ulikuwa wa wanaume, na mwanamume asiye na mke ubavuni mjini Doha huitwa bachela, hata kama kwao ana wake wawili na wajukuu. Mlango mdogo ulikuwa uchochoroni, na ndani yake mlikuwa na ngazi ya kuzunguka yenye mkono wa shaba, inayopanda mpaka roshani. Huo ulikuwa wa familia. Vuai aliweka kiti chake katikati ya ngazi, pale inapokata kona, na tangu alipokikalia, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hakuna bachela aliyempita.

Jengo lilikuwa la miaka ya sabini. Aliyelichora, kwa habari alizozikuta Vuai, alikuwa mtu wa Beirut asiyependa kona za mraba. Uso wa mbele wa jengo ulikuwa wa zege lililotobolewa matundu kama chujio ili upepo upite. Kisha wakaja mafundi wa viyoyozi wakayaziba matundu yote, isipokuwa ya juu kabisa, ambayo njiwa walikuwa wameshayachukua na hawakutaka mazungumzo. Dirisha la tiketi lilikuwa chini mno, hivyo kila mnunuzi aliinama, mkubwa na mdogo. Ndani, dari lilipambwa nyota za plasta. Nyota mbili tatu zilikuwa zimeshaanguka, na meneja aliamuru viti vilivyo chini ya nyota zilizolegea visikaliwe. Ndiyo maana katika ukumbi mzima uliochakaa mlibaki viti vichache vyenye mahameli nyekundu kama ya harusi. Mgeni alivitamani hivyo kwanza.

Kutoka kwenye kiti cha Vuai pazia la sinema halikuonekana. Alizisikia filamu tu, za Kihindi na za Kimisri, na kwa muda aliokaa pale angeweza kukwambia kwa sauti ya vinanda kama mtu anaoa au anakufa. Roshani yenyewe hakuwahi kuikalia hata mara moja. Sheria ni sheria, na yeye akiwa nje ya zamu alikuwa bachela kama bachela wengine. Kukaa chini nako hakutaka, asije akakutana gizani na watu aliowarudisha.

Maana aliwarudisha wengi. Roshani ilikuwa na ubaridi mzuri na viti vipana, na mabachela waliitamani, wakaanza kuazima familia. Leo mtu kaja na dada wa mwenzake, kesho kaja na mpishi wa jirani, wote wanasema huyu mke wangu. Vyeti hakuna aliyetembea navyo. Hapo Vuai akabuni mtihani wake, na kama kuna kitu alichojivunia katika ugenini wake wote, ni huo. Humtenga mume na mke, akamuuliza mume: mkeo anatia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai? Kisha humuuliza mke juu ya mume. Aliyefunzwa hujibu haraka na kwa usahihi. Mume wa kweli hushtuka, hutazama dari, husema viwili, husema vitatu, kisha huuliza kwani kuna nini. Vuai aliamini kabisa kwamba ndoa ni watu wawili walioacha kutazamana vikombe. Anayejua kila kitu ni mwongo, mrudishe.

Meneja aliusifu mtihani huo, na kampuni ya ulinzi ikataka kila mlinzi mpya aende akajifunze kwa Vuai. Mmoja wao alikuwa Githinji, mtu wa Nyeri, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaamua kwamba watu wazima ni rahisi zaidi. Alisikiliza somo lote, akasema, "Hiyo ni kali, mzee," na akalishika kama mwalimu anavyoshika silabasi.

Huku nyuma Vuai alikuwa na mke, na hilo kila mlinzi alilijua. Jina lake Time, yuko Makunduchi, Unguja. Kila Ijumaa baada ya sala Vuai alimpigia simu. Time alizungumza na Vuai alisikiliza, na hivyo ndivyo ndoa yao ilivyokwenda kutoka likizo moja hadi nyingine. Alimweleza alichopika, aliyegombana naye, goti lilivyoamka. Akifika kwenye "Na wewe jee?", Vuai alijibu, "Mzima, alhamdulillahi. Ehe, na huyo jirani kasemaje tena?" Halafu kadi ya simu ikaisha.

Mwaka 2012 binti yao Hidaya aliolewa. Time akatazama nyumba iliyobaki kimya, akasema kama kulea watoto wa watu kuna mshahara, basi yeye kazi hiyo ameifanya bure ya kutosha. Akapata wakala, na wakala akampatia nyumba Muaither, Doha hiyo hiyo. Jamaa zao walifurahi: mke na mume mji mmoja, nini tena? Hawakujua Doha. Vuai alilala chumba cha vitanda vinane na wanaume wenzake. Time alilala chumba cha nyuma ya jiko la tajiri wake. Walichopata ni pipa la taka. Time alipotoka kumwaga taka, Vuai alikuwa amesimama pale, ameshapanda mabasi mawili, na wakaamkiana kama majirani waliokosana kidogo. Mikutano hiyo ya pipani Vuai hakumsimulia mtu kazini. Bustanini waliogopa kukaa, kwani cheti chao cha ndoa kilibaki sandukuni Makunduchi, na shemeji mwenye ufunguo alikuwa mtu wa "nitakwenda kesho, inshallah".

Kwa hiyo katika mji mzima Vuai alipajua mahali pamoja tu palipojengwa makusudi ili mume na mke wakae bega kwa bega na wasiulizwe: roshani ya Sinema Rayhani. Alimwahidi Time pale pale penye pipa. Siku ya kwanza utakayopewa ruhusa, alimwambia, nakupandisha juu. Time akasubiri ruhusa. Miezi ikapita. Ruhusa haikuja, ikaja habari kwamba jengo litavunjwa, maonyesho ya mwisho Ijumaa. Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo bibi wa nyumba akamwambia Time anaweza kutoka, alasiri mpaka magharibi. Vuai akaomba mapumziko siku hiyo. Kama si Ijumaa hiyo, basi hakuna nyingine, na alilijua hilo kiasi cha kukosa usingizi.

Time alikuja amevaa baibui lake jipya, mkononi kakumbatia kopo la bati. Vuai alivaa kanzu na kofia aliyoishona mwenyewe Time. Walipita uchochoroni, wakasukuma mlango mdogo, wakaanza kupanda. Kwenye kona ya ngazi, juu ya kiti cha Vuai, alikuwa amekaa Githinji.

"Baba Hidaya, hichi ndicho kiti chako?" aliuliza Time.

"Ndicho."

"Kigumu."

Githinji alisimama. Hakutabasamu. Chini ya ngazi, mgongoni kwao, supavaiza wa kampuni alikuwa ameegemea ukuta na kuwatazama. Wiki ile ile mlinzi wa jengo jingine alikuwa amerudishwa kwao kwa kumpandisha rafiki yake na mwanamke asiye wake.

"Mzee Vuai," alisema Githinji, "leo hauko kazini. Ukiwa hauko kazini wewe ni bachela."

"Huyu hapa mke wangu."

"Kila mtu anajua bibi yako ako Zanzibar. Wewe mwenyewe umetuambia hivyo miaka yote."

"Kaja."

"Walikuja wengi, mzee. Ulikuwa unawarudisha." Akapunguza sauti. "Supervisor ananiangalia. Nisipouliza, ni mimi nitapanda ndege. Mama, tafadhali shuka kidogo ukae kwa ile benchi."

Time akashuka, akakaa kwenye benchi la karibu na mlango, kopo lake mapajani. Vuai alibaki kwenye kona ya ngazi, mahali alipowasimamisha wanaume wengi kabla yake, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi shaba ile ilivyo baridi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Bibi yako anaweka sukari vijiko vingapi?" aliuliza Githinji.

Jibu alilijua. Alilijua pia jibu la kujifanya hajui, maana ni yeye aliyelifundisha. Kilichotakiwa ni kutazama dari tu na kusema viwili, hapana, vitatu. Lakini aliyeulizwa habari zake alikuwa Time, na mtu aliyekaa miaka yote hiyo akimsikiliza mkewe kwa sikio moja lililobanwa na simu hawezi kuzikosea habari hizo kwa makusudi. Ilimtoka.

"Kimoja na nusu," alisema Vuai. "Chai ya maziwa hainywi baada ya alasiri, inamletea kiungulia. Akikasirika hunywa ya rangi, na hapo hatii sukari kabisa mpaka aliyemkasirisha atoke nyumbani. Goti linalomuuma la kushoto, aliteleza kisimani. Kitunguu anakata kwa mkono wa kushoto lakini kula anakula kwa wa kulia."

Githinji alimtazama kwa huzuni. Chini, supavaiza alitikisa kichwa polepole. Hata yeye alikuwa amefundishwa. Tangu mtihani ule uanze hajawahi kuonekana mume aliyefeli kwa kiwango hicho.

"Mzee," alinong'ona Githinji, "si ulisema mwenye anajua kila kitu ni mwongo?"

"Nilisema."

"Sasa?"

Vuai aliona aibu, na chini ya aibu aliona uchungu, kwamba amemleta mke wake mpaka mlangoni na yeye mwenyewe ndiye kufuli.

Githinji alishuka mpaka kwenye benchi, supavaiza akasogea kusikiliza. "Mama, na yeye je? Huyu mzee anaweka vijiko vingapi?"

Time hata hakufikiri. "Vinne," alisema. "Mume wangu bila ya vinne haoni kwamba kanywa chai. Na akimaliza hukilamba kijiko, nimemsema mpaka nimechoka."

Kila mtu katika chumba cha walinzi alijua kuwa Vuai hatii sukari. Alikuwa na vidonge vyake kwenye kikopo cha plastiki mfukoni, na pakiti zake za sukari kila asubuhi alizichukua Githinji. Hapo ndipo supavaiza alipogeuka akaenda kutazama mlango mwingine.

"Panda, mzee," alisema Githinji. "Huyu ni bibi yako. Pole kwa usumbufu."

Time aliwatazama mmoja mmoja. "Kwani nimekosea?"

"Hapana, mama. Umepita."

Wakapanda. Roshani ilikuwa tupu. Vuai alichagua viti vya mbele, vile alivyomsifia mkewe penye pipa, wakakaa, na ndipo alipogundua kwamba yule mtu wa Beirut alijenga ukuta mrefu mbele ya familia ili zisionekane na walio chini. Ukuta ule ulikata pazia katikati. Filamu ilipoanza waliona mbingu, matawi ya miti na nywele za waigizaji.

"Wanafanya nini?" aliuliza Time.

Vuai akasikiliza vinanda. "Wanaoana."

Time akafungua kopo. Lilikuwa na visheti, amevikaanga jikoni kwa tajiri wake alfajiri watu wamelala, vimekolea sukari mpaka vimekuwa vyeupe. Akamsogezea mumewe. Vuai alivitazama na hakunyoosha mkono.

"Baba Hidaya," alisema Time. "Hutii vinne."

"Sitii."

"Unatia vingapi?"

"Hata kimoja. Nina sukari, Time. Mwaka wa tatu sasa, tangu niliporudi likizo ya mwisho."

"Kila Ijumaa nakuuliza."

"Unaniuliza."

"Na wewe unanambia mzima."

Vuai aliinua macho kwenye pazia. Nywele za mtu mmoja zilipita kwenye pazia, zikafuatwa na nywele za mwingine. Time alilirudisha kopo mapajani mwake, akakitoa kisheti cha kwanza na kukila. Kisha akala cha pili. Alivila vyote mwenyewe, kimoja kimoja, machozi yanamtoka, ili kisibaki hata kimoja cha kumtia mumewe tamaa.