Dresa Anyitike na Homa Isiyosikia Penisilini

Dresa Anyitike, msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, aliwatibu wenzake, ila yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kuuliza. Mwaka 1956, katika hospitali ndogo ya misheni huko Iringa, kilichomnyima raha ni penisilini. Wagonjwa wawili wa kansa wamekatwa uvimbe, wote vijidudu vimeingia kwenye damu, wote wanachomwa dozi ile ile. Siku ya tatu mmoja anadai ugali, mwenzake anazidi kuwaka. Kwa nini?

"Mungu anajua," alisema Sista Evarista, mkuu wa wodi.

Anyitike hakubisha, ila na yeye alitaka kujua. Akaanza kupita kitanda kwa kitanda. Aligundua kwamba waliolala wodini muda mrefu ndio homa yao ilikuwa sugu zaidi. Alipouliza nani aliwahi kuchomwa sindano ya penisilini kabla ya kuja, kila mtu alikana, hata wenye makalio yaliyojaa makovu ya sindano! Walimwogopa daktari, maana aliwafokea sana wanaochomwa sindano vijijini.

Ndipo akaletwa Ikupa, dada yake mkubwa, kwa basi kutoka Rungwe, na uvimbe kwenye titi. Akakatwa. Siku ya tano homa ikampanda. Penisilini siku mbili, wapi!

Kabatini kulikuwa na vichupa vichache vya dawa nyingine, mpya, iliyotunzwa kwa wale tu ambao penisilini imeshindwa kabisa kuwaponya.

"Tuongeze penisilini kwanza," alisema daktari. "Huyu hajawahi kuipata, sivyo?"

Ikupa alimtazama mdogo wake.

Kila likizo Anyitike alikuwa akienda kwao na chupa ya mabaki ya penisilini, matone ya mwisho ya vichupa vya wodini. Dresa anayerudi nyumbani bila sindano, huko kwao, ni dresa gani? Uvimbe ulipomuuma dada, alimchoma kidogo leo, kidogo wiki ijayo, na wote wawili walifurahi. Sasa jibu alilolitafuta miezi mingi lilikuwa limelala mbele yake, linatetemeka. Vijidudu vilivyoonjeshwa dawa kidogo kidogo vilikuwa vimeizoea.

"Ameipata, daktari. Mara nyingi. Nilimchoma mimi."

Daktari aliiva uso. Alibadilisha dawa saa ile ile, kisha akanyoosha mkono, na Anyitike akamkabidhi bomba la sindano. Tangu siku hiyo hakulishika tena.

Ikupa alipona homa, akarudi Rungwe kwa miguu yake mwenyewe. Mdogo wake alibaki anapiga deki wodi ile ile, na ugonjwa wake wa kuuliza haukupungua hata chembe. Aliinama na tambara kando ya kitanda cha mzee Saulo, ambaye homa yake nayo haikusikia penisilini, na tangu Jumatatu alikuwa akimkania daktari kwamba hajawahi kuchomwa sindano.

"Mzee, mimi nilimchoma dada yangu mabaki ya penisilini, nusura nimuue," alisema. "Wewe alikuchoma nani?"

Mzee alimvuta karibu, akamnong'oneza jina.

"Mwanangu," alisema. "Waambie wabadilishe dawa, lakini jina lake usilitaje."