Matundu Niliyoyaziba

Kosa ni langu, si la fundi. Nalisema hapa kwa sababu pale lilipotakiwa kusemwa nilidanganya.

Ni mzee niliyefiwa na mke, naishi Kitangari. Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa Baba Zuhura, mpweke kama mimi. Kiwanja chake kinazidi changu kwa kimo cha mtu. Alinizidi umri pia, kwa hiyo kila asubuhi nilinyanyua shingo: "Shikamoo, Baba Zuhura." Juu nilisikia kikohozi, kisha, "Marahaba. Kumbe bado upo?" Hayo yalinitosha kuanzia siku.

Udongo wa mpakani ulipoanza kumomonyoka, nikajenga ukuta wa mawe kuuzuia. Fundi akaacha matundu chini. "Mzee, haya ni ya kutolea maji yanayojikusanya nyuma. Usiyazibe."

Huku kwetu maji ni ya shida. Tumechimba visima uani vya kuvunia mvua, na mtu hulinda chake kama ghala. Nikaona matundu yale yataniletea maji ya zizi la mbuzi wa Baba Zuhura mpaka kisimani kwangu. Fundi alipoondoka nikakoroga saruji, nikayaziba moja moja.

Mvua zilipokolea, Baba Zuhura akachungulia. "Baba Neema, ukuta wako unaota kitambi."

"Uache, umeshiba," nikamjibu. "Wewe funga mbuzi wako."

Tukacheka. Ningemwambia ukweli siku ile, tungeshika tindo wote wawili, tukayatoboa, yakaisha.

Siku ya tatu ukuta ukalala uani kwangu, ukivuta na udongo wake. Kisima cha Baba Zuhura kilikuwa karibu na mpaka. Alikichimba na marehemu mkewe, ndoo kwa ndoo. Kikapasuka. Maji yake ya kiangazi kizima yakapita mlangoni kwangu, mekundu.

Hakufoka. Aliuliza tu, "Matundu yalikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Yule fundi ametuharibia."

Akashuka, akapekua kifusi, akaokota kipande cha ukuta chenye tundu lililojaa saruji. Akakiweka barazani kwangu, akapanda kwake. Wiki ileile binti yake Zuhura akaja kumchukua, maana bila maji asingeweza kuishi pale. Sasa yuko Lulindi.

Nimejenga upya, matundu yako wazi. Chini yake nimechimba kamfereji, maji yanapita pembeni, kisima changu hakiguswi hata tone. Kumbe ilikuwa kazi ya nusu siku!

Wewe unayejenga chini ya kiwanja cha mtu, acha matundu. Na kama umeshaziba, panda ukamwambie kabla hajashuka kukuuliza.

Kile kipande bado kipo barazani. Lulindi si mbali, lakini sijaenda. Asubuhi shingo inanyanyuka yenyewe, salamu inanitoka, kisha nasimama pale nikisubiri kikohozi.