Pombe Aliyopelekewa Kastori

Theodosia aliogopa tangu alipopanda basi Gitega, na alipofika Muyinga mjini woga ulikuwa umezidi. Mapajani alipakata kidumu cha urwarwa, pombe ya ndizi, alichompelekea mtu aliyemuulia baba. Si kwamba Kastori alishika panga. Wakati wa vita alinyoosha kidole tu, akawaonyesha wenye mapanga mahali baba alipojificha kule kwao Nyarusange, basi, ikatosha. Theodosia, mtoto wakati huo, akakulia kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, na chuki hiyo, na amani iliporejea akarudi nayo nyumbani.

Na chuki ilimchosha jamani! Kila Jumapili, sala ya Baba Yetu ilipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo akangoja wenzake wapite hapo. Alilala vibaya, alifoka ovyo, hata mumewe alimkwepa. Aliposikia Kastori amehamia Giteranyi, akaamua amfuate akamwambie yameisha.

Jirani yake alimshika mkono. "Huyo akikuona atajua umefuata kisasi. Atakumaliza kabla hujakaa." Lakini alipoona hashikiki, akamshauri asiende mikono mitupu, abebe pombe.

Mwenye baiskeli aliyempakia alimshusha mbali na kwa Kastori, njia ilipokuwa nyembamba, akatembea peke yake kati ya migomba. Kila jani lililotikisika alilidhani mtu. Aligeuka arudi, akajitukana, akaendelea.

Kastori alikuwa uani na mkewe Lucia, wakipukuchua maharage. Alikuwa amezeeka, meno yamepukutika. Theodosia alitaja jina la baba yake, na mzee akasimama, uso umempauka.

"Mi nilijua iko siku utakuja," alisema.

"Nimekuja kukusamehe, mzee." Alinyanyua kidumu. "Pokea."

Akamimina pombe kwenye kibuyu kilichokuwa hapo uani, akatia mrija, akampa kwa mikono miwili, kama mama yake alivyomfunza kumhudumia mkubwa kwanza. Kastori alikitazama kibuyu, akamtazama mgeni, akangoja. Theodosia hakujua anangoja nini. Akazidi kuogopa, akatamani kukimbia.

"Lucia," mzee alisema polepole, "ile mbuzi uuze. Na huyu mama mumuache aende kwake, mutu asimuguse."

Akafumba macho, akavuta mrija, akanywa. Lucia akapiga yowe.

"We hukuonja! Mwenye kuleta pombe anaonja kwanza, hata mutoto anajua! Umemupa sumu!"

Nani angemfundisha desturi hiyo? Kambini mama yake mlokole hakuruhusu pombe ikaribie mlango, na jirani hakudhani mtu mzima anaweza kutojua. Sasa alielewa yote kwa mpigo. Mtu aliyemtia hofu njia nzima alikuwa amekunywa mbele yake alichodhani ni kifo chake, wala hakubisha.

Alimpokonya kibuyu, akanywa kwa pupa mpaka pombe ikamtiririka kifuani.

"Haina kitu, baba," alisema akilia. "Tazama, haina kitu."

Kastori aliketi chini.

"Mi nilikunywa sababu iko haki yako."

Theodosia akaketi karibu naye. Akavuta tena mrija kidogo, polepole, ili mzee aone vizuri, kisha akampa.